Kuprinti picha za rangi kwenye ngozi ukiwa nyumbani: anza na ngozi, mambo ya printa baadaye

Maswali ni yale yale. Nina printa ya matangi ya wino nyumbani, nikiingiza kipande cha ngozi humo si itatoka na picha? Nimepiga pasi ngozi imejikunja, shida nini? Mbona rangi nyeupe haitoki? Nikikunja waleti picha inapasuka, nipake nini? Nimeona bora niandike yote sehemu moja, wa sandozi, wa mikanda, wa pochi, wa vishikio vya funguo, kila mtu achukue kinachomhusu.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo linalowakwamisha wengi: watu wanaanza na mashine. Mtu ananunua printa, ananunua transfa pepa (karatasi ya kuhamishia picha), anatafuta na hiti presi (mashine ya kubana kwa joto) ya mkopo, halafu ndo anauliza ngozi gani inafaa. Geuza hiyo. Ngozi ndiyo inaamua utumie njia gani, na hakuna hata njia moja kati ya hizi tatu nitakazoeleza inayohitaji uwe na printa yako.

Ijue ngozi uliyonayo

Ngozi nyingi utakayokutana nayo ni ya aina mbili. Kuna iliyotiwa dawa ya magome, rangi yake ya asili ni kama chai ya maziwa iliyopauka, ngumungumu kidogo, ndiyo wanayoipenda watu wa mikanda na wa kuchora kwa nyundo. Dawa yake kwa huku kwetu mara nyingi inatoka kwenye miwati, ile miti ya Njombe na ya nyanda za juu za Kenya. Ya pili ni ya kromu, laini, inakunjika, ndiyo imejaa kwenye viatu, mabegi na makochi. Ukitaka kujua ipi ni ipi kata pembe kwa wembe mkali utazame katikati ya unene: ya magome ni kahawia mpaka ndani, ya kromu mara nyingi ina kamstari ka rangi ya kijivu au bluu hafifu hapo kati, hata kama juu imepakwa nyeusi.

Halafu dondosha tone moja la maji juu yake. Likizama na kuacha doa jeusijeusi, hiyo ngozi iko wazi, itakunywa rangi. Likikaa juu kama kwenye jani la mgomba basi ina fenishi ya kiwandani, yaani koti la juu la kuilinda, na chochote utakachobandika kitakuwa kinashika ile fenishi, siyo ngozi yenyewe. Hiyo fenishi lazima uishughulikie kwanza, nitaeleza.

Na kama huna uhakika kama ni ngozi au reksini (ngozi bandia), chukua kijipande kidogo kama punje ya mahindi, toka nje, kichome kwa kibiriti ukiwa umekishika na koleo. Ngozi inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu, reksini inayeyuka, inadondoka, inanuka plastiki. Usivute ule moshi, hasa wa ngozi ya kromu, na usifanyie jikoni.

Suwedi na ile yenye manyoya manyoya weka pembeni kwa sasa. Zinawezekana, ila siyo za kujifunzia.

Kwa nini nyeupe haitoki

Nadharia ndogo tu halafu tunaendelea. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Ina samawati, magenta, njano na nyeusi, basi. Ukiprinti kwenye karatasi, nyeupe unayoiona ni karatasi yenyewe. Sasa ukiweka picha hiyo hiyo kwenye ngozi ya kahawia, kila palipokuwa peupe panakuwa kahawia, njano inakuwa kama haradali, bluu ya anga inageuka kijanikijani, na uso wa mtu unakuwa kama kavaa vumbi. Hamna mpangilio wa kompyuta utakaorekebisha hilo. Ama utumie njia yenye wino mweupe chini yake (DTF, yaani filamu iliyoprintiwa inayobandikwa kwa joto, au rangi ya kupaka), ama uchague mchoro ambao unapendeza bila nyeupe.

Na swali la kuingiza ngozi moja kwa moja kwenye printa: kuna wanaofanya, wanatumia ngozi nyembamba sana chini ya milimita moja, wanaibandika kwenye karatasi ngumu halafu wanaipitisha. Mi sikushauri. Nyuzi za ngozi na vumbi lake vinaziba hedi (kichwa kinachotoa wino), roli zinashindwa kuvuta, na wino wenyewe wa printa nyingi za nyumbani ni wa maji, tone la jasho tu linautoa. Utauwa printa kwa ajili ya picha ambayo haitadumu.

Sublimesheni, ile ya kuhamisha wino kwa joto kali, nayo mnaiulizia sana kwa sababu mafundi wa vikombe wanayo. Ule wino unashika poliesta au kitu kilichopakwa koti la aina hiyo, ngozi halisi haiushiki vizuri, na joto lake ni la kuanzia nyuzi 180 kwenda juu. Ngozi yako itakuwa biltongi. Achana nayo.

Vitu vya kuandaa

Vya kila njia:
- vipande vya mabaki ya ngozi ile ile utakayotumia (siyo inayofanana, ILE ILE)
- pamba au kitambaa cheupe kisichoacha nyuzi
- spiriti ya kusafishia, na asitoni kama ngozi ina fenishi. Ile ya kutolea rangi ya kucha inafaa kama haina mafuta wala manukato, soma kwenye chupa
- glavu, na chumba chenye madirisha mawili au uwanjani kwenye kivuli
- masking tepu, rula, mkasi, wembe
- fenishi ya ngozi ya akriliki, ya kung'aa au isiyong'aa

Vya njia ya DTF: filamu iliyoprintiwa na fundi, pasi ya umeme au hiti presi, karatasi ya kuokea mikate.
Vya njia ya tona (unga wa rangi wa printa ya leza): printi ya leza ya rangi kutoka stationari, midiamu ya akriliki (majimaji mazito ya kubandikia, kama rangi ya akriliki isiyo na rangi) inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya wasanii, kadi ya plastiki ya zamani, sponji.
Vya stenseli (kiolezo chenye mchoro uliokatwa matundu ya kupitishia rangi): rangi za akriliki za ngozi, vipande vya sponji, na stika iliyokatwa au picha ya zamani ya eksirei.

Asitoni na spiriti zinashika moto haraka sana, hata mvuke wake tu. Jiko la mkaa likiwa kwenye chumba kile kile, usifungue chupa. Mtoto asiwepo. Hili silisemi kama mapambo.

Maandalizi ya ngozi, kwa njia zote

1. Kata kipande chako kwanza, ila usishone. Kuprinti kwenye kitu kilichoshonwa tayari ni mateso, mishono inazuia pasi isilale sawa.

2. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha pamba yenye spiriti mara moja mara mbili. Angalia pamba. Ikitoka na kahawia au nyeusi inayoteleza, ngozi ilipakwa mafuta au polishi, rudia mpaka pamba itoke karibu safi.

3. Kama lile tone la maji halikuzama, chukua pamba na asitoni kidogo, sugua taratibu kwa mduara, eneo la picha tu. Utaona mng'ao unapotea na ngozi inakuwa kama imefifia. Hapo simama. Ukiendelea kusugua utaanza kutoa rangi ya kiwanda na kubaki na mabaka.

4. Iache ikauke kabisa, saa moja au zaidi, mahali pakavu. Siyo juani. Msimu wa mvua au ukiwa pwani ipe muda mrefu zaidi, kwa sababu ngozi inavuta unyevu wa hewani, na ngozi yenye unyevu ikikutana na joto ndo inajikunja.

5. Usiishike tena kwa vidole vitupu hapo katikati. Mafuta ya vidole yanatosha kufanya herufi moja ibanduke.

Watu wanaruka namba 2 na 3 halafu wanalaumu gundi.

Njia ya kwanza: filamu ya DTF (ndiyo ninayowaambia wengi waanze nayo)

Hii ni ile ile ya tisheti. Fundi anaprinti picha kwenye filamu ya plastiki, rangi kwanza halafu nyeupe juu yake, ananyunyiza unga wa gundi, anaupasha, unapewa filamu tayari. Mafundi wa tisheti wamejaa Kariakoo, Nairobi katikati ya mji wapo kila kichochoro, miji mingine nayo siku hizi huwakosi. Wanauza kwa mita, kwa hiyo jaza: panga nembo ndogo ndogo kumi na tano kwenye mita moja badala ya kulipia mita kwa nembo moja. Mpelekee faili la PNG lisilo na mandhari ya nyuma, pikseli 300 kwa inchi, kwa ukubwa kamili unaoutaka. Usimpelekee skrinshoti ya WhatsApp halafu ulalamike imetoka na ukungu. Kugeuza picha kama kwenye kioo ni kazi ya mashine yake, mwachie, mkigeuza wote wawili maandishi yatatoka kinyume.

Mwambie pia ni ya ngozi. Wengine wana unga laini zaidi unaokunjika vizuri.

1. Washa pasi, hakikisha haina maji ndani, mvuke umezimwa kabisa. Weka kati ya nukta moja na nukta mbili. Nukta moja ni kama nyuzi 110, mbili ni kama 150, tatu inafika 200 na hiyo usiiguse. Kwenye hiti presi anzia 120 hadi 130.

2. Pasi ya mkaa hapana. Huwezi kujua iko nyuzi ngapi, na chini ina sehemu yenye moto mkali na sehemu ya baridi.

3. Meza iwe ngumu, tandika kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Ubao wa kupigia pasi wenye sponji unadidimia, mgandamizo hautoshi.

4. Weka kipande cha mabaki, kibandike filamu ndogo ya majaribio, juu yake karatasi ya kuokea. Gandamiza sekunde 8 hadi 10. Usisugue kama unanyoosha shati, inua na kushusha tu.

5. Acha ipoe mpaka ukigusa husikii joto kabisa. Sasa bandua filamu kuanzia pembeni, polepole, ukiilaza nyuma. Pembe ikinyanyuka na filamu, irudishe chini, ongeza sekunde 5, poza tena.

6. Ikikubali kwenye kipande, fanya kwenye kazi yenyewe kwa mipangilio ile ile.

7. Ukishabandua, weka tena karatasi ya kuokea na ugandamize sekunde 5. Hii inazamisha rangi kwenye vinyweleo vya ngozi na kuondoa ule mng'ao wa plastiki. Wengi hawafanyi hii na ndiyo inayotofautisha kazi ya duka na kazi ya kubandika stika.

Kitu kimoja cha pasi za mvuke: chini zina matundu, na pale kwenye tundu hapafiki joto. Ukibandua filamu unakuta vidoti vimebaki kwenye plastiki, vimejipanga kabisa kama matundu ya pasi. Dawa yake, mgandamizo wa pili sogeza pasi nusu kidole pembeni. Au tafuta ile pasi ya zamani kavu yenye chini tambarare, kwa kazi hii inaishinda ya kisasa.

Kwenye hiti presi tatizo ni tofauti, mgandamizo ukizidi unalainisha vinyweleo vya ngozi na kuacha pande la mraba linalong'aa kuzunguka picha, na halitoki tena. Legeza presi, halafu kata karatasi ya kuokea kubwa kuliko sahani yenyewe.

Njia ya pili: tona na midiamu ya akriliki

Hii ni kwa anayependa picha yenye sura ya kizamani, picha ya bibi na babu kwenye jalada la daftari, ramani, maua ya kanga. Inafaa zaidi kwenye ngozi ya magome iliyo wazi na rangi yake imepauka. Lazima iwe printi ya leza, yaani tona. Ya wino wa maji itavuja pale utakapolowesha karatasi.

1. Geuza picha kama kwenye kioo kwenye simu au kompyuta, ongeza mwanga na rangi kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu ngozi itaila. Kaprinti stationari kwenye karatasi ya kawaida nyembamba.

2. Kata karatasi ukiacha ukingo wa sentimita moja.

3. Paka midiamu kwenye ngozi kwa brashi laini, tabaka jembamba lililosambaa sawa, uwe unaona ngozi kupitia kwake. Likiwa nene litakuja kupasuka.

4. Laza karatasi, uso chini, kuanzia upande mmoja. Huruhusiwi kuisogeza ikishagusa. Pitisha kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda nje, toa hewa yote, futa midiamu inayotoka pembeni isipande mgongoni mwa karatasi.

5. Iache usiku kucha. Kukausha kwa drayeri ili iwahi kunaleta mapovu.

6. Kesho yake lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji iliyokamuliwa, siyo kumwaga maji, ngozi ya magome ikinywa maji mengi inaacha alama ya duara. Subiri dakika mbili, halafu sugua kwa ncha ya kidole. Karatasi inatoka vipande vidogovidogo kama uchafu wa kujisugua, na picha inaanza kuonekana chini.

7. Iache ikauke. Utakuta imerudi na ukungu mweupe, usishtuke, ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena, kwa upole zaidi. Mara mbili au tatu hivi. Ukitaka kuumaliza ukungu wote kwa siku moja utatoboa picha, kwa hiyo ukiwa umebaki kidogo acha, fenishi ikija juu yake utapotea wenyewe.

Gundi nyeupe ya mbao isitumike badala ya midiamu. Inafanana, na siku ya kwanza inafanya kazi vizuri tu, ila ikikutana na maji au jasho inalainika upya na picha inaanza kuteleza.

Kuna njia ya mkato ya asitoni: unalaza printi ya leza uso chini, unaibana kwa tepu, unagongagonga mgongoni kwa pamba yenye asitoni, unasugua kwa mgongo wa kijiko, unachungulia, unainua. Dakika tano umemaliza. Kwa maandishi meusi na michoro ya mistari ni nzuri sana. Kwa rangi matokeo yanakuwa hafifu, kama gazeti lililoachwa dirishani, na ukizidisha asitoni tona inasambaa. Mi naitumia kwa nembo nyeusi tu, halafu rangi najaza kwa brashi.

Njia ya tatu: stenseli na rangi ya kupaka

Hii wanaidharau kwa sababu haina mashine, ila kwa sandozi na makubazi, ambayo mkanda wake unakunjwa kila hatua na kupigwa jua siku nzima, sijaona inayoishinda. Rangi ya akriliki ya ngozi ni ya pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), haipauki haraka, inakunjika na ngozi, na ikichubuka unarudishia hapo hapo.

1. Rahisisha mchoro uwe na rangi mbili, tatu, nne mwisho. Kila rangi stenseli yake.

2. Nenda kwa anayetengeneza matangazo ya magari, mwambie akukatie stika ya vinaili, bei yake ni ndogo na mistari inatoka safi. Ukitaka bure chukua picha ya eksirei ya zamani, iloweke kwenye maji yenye jiki mpaka weusi utoke, ioshe, ikaushe, ikate kwa wembe mpya juu ya kioo. Inadumu, haikunjamani, unaiosha na kuitumia tena. Jiki usichanganye na kitu kingine chochote.

3. Bana stenseli kwa tepu. Kama ni ya stika, igandamize kingo zote kwa ukucha, kisha pitisha fenishi isiyo na rangi kwenye kingo, nyembamba. Inaziba mianya, na kama kuna kitakachopenya chini basi ni fenishi, siyo rangi.

4. Chovya sponji kwenye rangi, halafu igongegonge kwenye karatasi mpaka ionekane kama imekauka. Ndiyo kiwango sahihi. Gonga kutoka juu kwenda chini, usivute pembeni.

5. Tabaka la kwanza litaonekana halijafunika, umeona ni aibu, unataka kuongeza. Usiongeze. Subiri dakika kumi, piga la pili, la tatu, la nne. Matabaka manne membamba yanakunjika, moja nene linapasuka siku ya kwanza.

6. Kwenye ngozi nyeusi au ya kahawia iliyokolea, piga nyeupe kwanza chini ya njano, nyekundu na chungwa. Bila nyeupe njano itaonekana kama doa la mchuzi.

7. Toa stenseli wakati tabaka la mwisho bado linanatanata kidogo. Likikauka kabisa ukingo unanyanyuka pamoja na stika.

8. Rangi inayofuata, subiri saa nzima.

Skrini printi nayo ipo, kwa mtu mwenye oda ya vipande hamsini vya nembo moja. Maelezo yake ni marefu, naiacha, ila onyo moja tu: wino wa plastisoli wanaotumia kwenye tisheti unaiva kwa nyuzi 160 hivi, na kwa dakika nzima au zaidi siyo sekunde kumi. Muulize muuzaji wino unaokauka kwa hewa.

Kumalizia

Rangi au tona ikishakaa siku nzima, paka fenishi ya akriliki matabaka mawili membamba kwa sponji, uelekeo mmoja, dakika ishirini katikati. Usitumie vanishi ya mbao, ni ngumu, inapasuka kwenye mkunjo. DTF haihitaji fenishi juu ya picha yenyewe, lakini kama ulitoa ile ya kiwanda kwa asitoni, eneo la pembeni lirudishie la sivyo litachafuka.

Halafu jaribu kipande cha mabaki kabla hujamkabidhi mtu. Kikunje picha ikiwa nje mara ishirini hivi. Bandika tepu, igandamize, ivute kwa mkupuo. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Chochote kikitoka kwenye majaribio hayo, kwa mteja kitatoka zaidi.

Na nembo za watu tafadhali. Kila mtu anataka waleti ya Simba au Yanga au ya timu ya Uingereza, lakini hizo nembo zina wenyewe, na kuziuza bila ruhusa ni kesi. Ya kwako mwenyewe nyumbani ni hadithi nyingine.

Ikikugomea

*Ngozi imejikunja au imekuwa ngumu kama bati.* Joto limezidi au ilikuwa na unyevu. Ngozi ya magome ikiwa na maji inaanza kusinyaa kwenye nyuzi 70 na kitu tu, ya kromu inavumilia zaidi. Iliyosinyaa hairudi, hata ukiipaka mafuta gani. Kata kingine, kaushe vizuri, shusha nyuzi kumi.

*DTF inabanduka yote kama ngozi ya nyoka.* Kuna mafuta au fenishi chini. Rudi kwenye maandalizi namba 2 na 3. Kama ulisafisha vizuri, basi ulibandua ikiwa bado ya moto.

*DTF imeshika katikati, pembeni hapana.* Mgandamizo hauko sawa. Meza imebonyea, au ngozi ina unene tofauti, ya tumboni huwa nyembamba na inavutika, ya mgongoni imara. Kwa kuprinti chagua ya mgongoni.

*Picha inapasuka kwenye mkunjo.* Tabaka nene. Kama ni DTF, gawa mchoro uwe na nafasi wazi ndani yake badala ya mraba mmoja uliojaa, au usogeze mbali na mkunjo. Waleti ina mstari wake wa kukunjia, usipitishe uso wa mtu hapo.

*Rangi inatoka kwenye nguo.* Mara nyingi siyo picha, ni rangi ya ngozi yenyewe. Sugua sehemu isiyo na picha uone. Kama ni ngozi, fenishi upande mzima.

*Picha imepauka baada ya miezi michache.* Wino wa maji wa aina ya dai (rangi iliyoyeyushwa kabisa, siyo ya chembe), hauvumilii jua. Hamia kwenye tona, DTF au rangi ya pigimenti.

*Inanatanata hata baada ya siku mbili.* Fenishi nene, au umepaka kabla ya rangi kukauka, au mvua imeshika. Iweke mbele ya feni siku nzima, usiifunge kwenye mfuko wa plastiki. Ikigoma kabisa ifute kwa spiriti, na jua kwamba hapo rangi ya akriliki nayo itaondoka, kwa hiyo tayarisha stenseli yako.

*Mteja anauliza aisafishe vipi.* Kitambaa chenye unyevu kidogo, sabuni hapana, polishi ya viatu juu ya picha hapana, kuanika juani hapana. Mwandikie kwenye kikaratasi umtilie ndani ya waleti, maana ukimwambia kwa mdomo atakwenda kuipaka kiwi.